WENGI WAPE, LAKINI MMOJA NAYE ASIKIWE

Wahenga walisema, "Wengi wape." Methali hii ni ya haki katika mambo mengi ya watu wakaao pamoja. Panapohitajika kisima, wengi ndio waamuao kichimbwe wapi. Panapohitajika kiongozi, wengi ndio wamchaguao. Lakini pana mahali pamoja ambapo methali hii haifai kugeuzwa rungu la kumpigia mtu, napo ni katika usomaji wa vitabu. Mtu akisema mbele ya wenzake kwamba hampendi mwandishi fulani ambaye wote wanampenda, hutazamwa kama mtu aliyetukana makaburi. Huambiwa kwamba hakuelewa. Huambiwa kwamba ana wivu, au ana majivuno, au anatafuta kujulikana. Ni nadra sana kuulizwa swali moja lifaalo: kwa nini humpendi?

Leo twataka kumtetea mtu huyo. Hatumtetei kwa kuwa twaafikiana naye, maana aghalabu hatuafikiani naye. Twamtetea kwa kuwa fasihi ambayo kila mtu huisifu, na hakuna athubutuye kuikosoa, haina afya. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Na twataka vilevile kumkumbusha mtu huyo wajibu wake, maana haki ya kutopenda si haki ya kudharau.

Tuanze na mfano ujulikanao sana duniani. Leo Tolstoy, yule Mrusi aliyeandika Vita na Amani na Anna Karenina, hakumpenda Shakespeare. Tangu ujana wake alimsoma akachoka, akashangaa jinsi watu wenye akili walivyomtukuza. Alimsoma kwa Kirusi, akamsoma kwa Kiingereza, akamsoma kwa Kijerumani, asije akaambiwa kwamba kosa ni la mfasiri. Alipokuwa mzee wa miaka 75 aliketi akamsoma tena wote, kisha akaandika kitabu kidogo kilichotoka mwaka 1906. Humo alichukua tamthilia ya Mfalme Lear akaisimulia tendo baada ya tendo, akionyesha mahali ambapo mambo hayaingii akilini. Alilalamika kwamba wahusika wote, mfalme na mtumishi, wanasema kwa lugha moja ya kupambwa, ambayo hakuna mtu hai aliyepata kuisema. Akasema kwamba sifa za Shakespeare zimeenea kama uenezavyo ugonjwa wa kuambukiza, zikianzia kwa wataalamu wa Kijerumani, na kwamba watu wanampenda kwa kuwa wameambiwa wampende.

Shakespeare hakuanguka kwa shutuma hizo. Anaendelea kuchezwa na kusomwa kila pembe ya dunia. Je, kazi ya Tolstoy ilikuwa bure? Hata kidogo. Miaka 41 baadaye, mwaka 1947, George Orwell, mwandishi wa kile kitabu tukijuacho kwa Kiswahili kwa jina la Shamba la Wanyama, alilazimika kumjibu. Katika kumjibu alisema mambo ambayo pengine yasingesemwa. Alikiri kwamba hakuna hoja iwezayo kuthibitisha kuwa mshairi fulani ni mwema au ni mbaya. Shahidi pekee ni kudumu kwake mioyoni mwa watu. Kisha akaonyesha jambo la ajabu: hadithi ya Lear, mfalme mzee aliyeacha milki yake akitumaini kupata raha, yafanana mno na maisha ya Tolstoy mwenyewe, ambaye aliacha cheo na mali, asipate amani, na mwaka 1910 akatoroka nyumbani kwake akafia katika kituo cha reli. Hivyo basi, chuki ya mtu mmoja ilimfanya mwingine autazame upya mchezo uliozoeleka, akaona ndani yake kitu ambacho sifa za miaka 300 hazikukitaja. Hiyo ndiyo faida ya kwanza ya mtu asiyependa: huwaamsha wapendao.

Na jambo hili latuhusu sisi pia. Shakespeare alifika Afrika ya Mashariki akiwa mikononi mwa walimu wa kikoloni, na wanafunzi wetu waliagizwa kumstaajabia kabla hawajapewa nafasi ya kumsikia. Maneno ya Tolstoy juu ya sifa za kuambukizana yangeweza kusemwa na mwanafunzi yeyote wa zama zile, kama angeruhusiwa. Mwalimu Julius Nyerere alipotoa tafsiri yake ya Juliasi Kaizari mwaka 1963, na baadaye Mabepari wa Venisi mwaka 1969, alitufanyia wema kuliko kutupatia vitabu viwili. Alimtoa Shakespeare katika lugha ya mtihani akamweka katika lugha ya barazani, ili Mswahili ampime kwa sikio lake mwenyewe. Anayempenda katika Kiswahili anampenda kweli, na asiyempenda katika Kiswahili naye anasema kweli.

Watu husema, "Chema chajiuza, kibaya chajitembeza." Basi, kama kitabu kinauzwa sana, si kimethibitika kuwa chema? Hapa yafaa tutazame historia bila upendeleo. Mwishoni mwa karne ya 19 palikuwako Uingereza mwandishi wa kike aitwaye Marie Corelli. Riwaya zake ziligombewa madukani kupita za waandishi wengi ambao majina yao twayajua leo. Wakaguzi wa magazeti walimbeza, naye akawachukia. Leo ni wachache mno wamsomao. Katika nchi ile ile, miaka michache kabla yake, Charles Dickens naye aligombewa na watu wa kila tabaka, nao wapo wenye elimu waliodhani kwamba mtu apendwaye na wengi namna hiyo hawezi kuwa msanii mkubwa. Dickens alikufa mwaka 1870, na hata leo anasomwa. Wingi wa wasomaji, basi, haushuhudii ubora wala ubovu. Unashuhudia jambo moja tu, kwamba kitabu kimegusa haja fulani ya watu wa wakati wake. Haja hiyo ni nini, na kitabu kimeitimiza kwa namna gani, hayo hayajulikani kwa kuhesabu nakala zilizouzwa. Hujulikana kwa kusoma na kwa kujadiliana.

Sasa na tumgeukie asiyependa mwenyewe, maana naye ana makosa yake. Mwaka 1944 mhakiki mmoja mashuhuri wa Marekani, Edmund Wilson, aliandika katika jarida la The New Yorker kwamba haoni uzuri wowote katika hadithi za upelelezi, ambazo wenzake wengi walizipenda. Alikuwa amemsoma Agatha Christie na wengine, asiridhike. Barua zikammiminikia. Wasomaji wakamwambia, "Umesoma vitabu visivyofaa, jaribu hivi." Akajaribu, na Januari 1945 akaandika tena, safari hii kwa ukali zaidi. Lakini katika maandishi yale alikiri mwenyewe kwamba kitabu kimoja cha Dorothy Sayers, ambacho alisifiwa kuwa ni bora kuliko vyote, alikuwa akikirukaruka kurasa. Tena hakuishia kwenye vitabu; aliwageukia wasomaji, akausema usomaji wao kuwa ni uraibu ambao upuuzi wake uko kati ya kuvuta sigara na kujaza mafumbo ya maneno.

Linganisha watu wawili hawa. Tolstoy alisoma yote, katika lugha tatu, kwa miaka 50, ndipo akasema. Wilson aliruka kurasa, kisha akahukumu kitabu, tena akamhukumu na asomaye. Twaweza kukataa maneno ya wote wawili, lakini hawalingani. Wa kwanza alilipa ada kabla ya kudai haki yake. Wa pili alikuwa mhakiki mkubwa katika mambo mengi, lakini katika hili alivuka mpaka. Kutopenda kitabu ni haki ya msomaji; kumwona mjinga yule akipendaye ni ufidhuli.

Ufidhuli huu hata kwetu upo, na umedumu. Muhammed Said Abdulla wa Unguja alipomleta Bwana Msa katika Mzimu wa Watu wa Kale, kitabu kilichochapishwa mwaka 1960, aliwafungulia wasomaji wa Kiswahili mlango mpya. Akafuata Faraji Katalambula na Simu ya Kifo mwaka 1965. Akafuata Elvis Musiba na mpelelezi wake Willy Gamba katika Kufa na Kupona mwaka 1974. Akafuata Ben Mtobwa na Joram Kiango wake. Vitabu hivi vilisomwa na watu ambao hawakulazimishwa na mwalimu yeyote. Hata hivyo wapo wataalamu waliovipa jina la fasihi pendwa kwa sauti ya mtu atajaye maradhi. Twauliza: ni lini kupendwa kulikuwa kosa? Anayesema kwamba hadithi za namna hiyo zinarudia njia moja, kwamba wanawake ndani yake aghalabu ni pambo au mtego, kwamba bastola hukata shauri ambalo fikira ilipaswa kulikata, huyo ametoa hoja, nasi twamsikiliza. Anayesema tu kwamba ni vitabu vya watu wa daladala hakutoa hoja yoyote. Ametueleza habari za cheo chake.

Na akumbuke pia kwamba mchapishaji hali maneno. Kitabu kiuzwacho sana ndicho kilipacho gharama za diwani ambayo itakaa rafuni miaka 10 ikimngojea msomaji wake. Na kijana aliyezoea kumaliza kitabu kwa sababu ya Willy Gamba ana miguu ya kufika kwenye kitabu kigumu. Asiyezoea kumaliza chochote hatafika popote.

Kwa hiyo kabla ya mtu kusema "simpendi", yafaa aupeleleze moyo wake aone chuki hiyo yatoka wapi. Chuki nyingine hutoka kwenye aibu. Amos Tutuola wa Nigeria alipotoa kitabu chake cha kwanza huko London mwaka 1952, mshairi Dylan Thomas alikisifu mno, na wasomaji wa Ulaya wakakifurahia. Lakini baadhi ya wasomi wa Nigeria walikasirika. Kiingereza cha Tutuola hakikuwa cha shule, nao waliogopa kwamba wageni watadhani Waafrika wote husema vile. Hofu yao ilikuwa na sababu zake, maana zilikuwa zama za kupimwa na kudharauliwa. Hata hivyo hawakuwa wakikisoma kitabu. Walikuwa wakimsoma Mzungu akisomaye kitabu. Ilichukua miaka kabla ya Tutuola kusomwa nyumbani kwa ajili ya hadithi yenyewe.

Chuki nyingine hutoka kwenye jeraha la kweli, na hii ni lazima isikilizwe kwa makini. Mnamo Februari 1975 Chinua Achebe alisimama mbele ya watu katika Chuo Kikuu cha Massachusetts, huko Amherst, akanena juu ya hadithi ya Joseph Conrad ya mto Kongo iitwayo Heart of Darkness. Hadithi hiyo iliyotoka mwaka 1899 ilikuwa ikifundishwa katika vyuo vya Marekani na Uingereza kama mojawapo ya hadithi bora za Kiingereza. Achebe alisema waziwazi kwamba ndani yake Mwafrika hana sura ya mtu: ni mikono na macho na kelele za porini, na Afrika nzima ni jukwaa tu la kuonyeshea kuharibika kwa roho ya Mzungu mmoja. Akasema kwamba mwandishi wa namna hiyo ni mbaguzi, na akauliza kama kitabu kinyimacho watu utu wao chaweza kuitwa kazi kubwa ya sanaa.

Wengi walikasirika. Wapo waliomtetea Conrad wakisema kwamba alikuwa akiwashutumu wakoloni, na kwamba aliuona ukatili wa Kongo kwa macho yake mwaka 1890. Mjadala huo haujesha. Lakini tazameni kilichotokea. Kitabu hakikuchomwa wala hakikufichwa. Kinasomwa hata leo, na mara nyingi hotuba ya Achebe huwekwa pamoja nacho, ili mwanafunzi ayasome yote mawili. Kabla ya mwaka 1975 wasomaji wengi walikuwa na jicho moja. Achebe aliwapa la pili. Mtu mmoja asiyependa, aliyesoma kwa makini na kutoa sababu, aliwatendea wasomaji jambo ambalo maelfu ya wasifuo hawakuwatendea.

Sasa tuje nyumbani kabisa, mahali ambapo maneno haya yanauma. Hakuna jina katika fasihi yetu lipendwalo kama la Shaaban Robert, aliyezaliwa mwaka 1909 akafariki mwaka 1962. Sisi wenyewe twampenda. Lakini wapo wasomaji ambao Kusadikika, kilichotoka mwaka 1951, hakiwagusi. Wasema kwamba mara tu wasikiapo jina la Karama na jina la Majivuno, wamekwisha jua nani mwema na nani mbaya, na kwamba watu wa namna hiyo hawatembei duniani. Ni sifa na aibu zilizovikwa kanzu. Wasema wajumbe sita waendao na kurudi wanafuata mwendo mmoja, na kwamba mawaidha yamekuwa mengi kuliko hadithi. Wahakiki kadhaa wa miaka ya 1970 na baada yake waliyasema maneno ya jamii hiyo.

Je, tuwafukuze? Twasema hapana, tuwajibu. Na tukitaka kuwajibu itatupasa kusema jambo ambalo sifa tupu hazikutufundisha kulisema. Tutasema kwamba Shaaban Robert hakuwa akiandika riwaya ya Kizungu akashindwa. Alikuwa akiandika kwa desturi ya hekaya na ya mafumbo, ambamo jina ndilo ufunguo. Tutasema kwamba kitabu kilichotungwa chini ya serikali ya kikoloni, kikimweka mtu kizimbani kwa kosa la kutaka watu wajifunze sheria, kilihitaji kuvaa vazi la nchi ya angani ili kipite salama. Tutasema kwamba raha ya kitabu kile imo katika mizani ya sentensi zake, isikikayo vema kisomwapo kwa sauti. Huenda asiyependa asishawishike. Hata hivyo sisi tutakuwa tumempenda mwandishi wetu kwa kujua sababu, na mapenzi ya namna hiyo hayatetereki.

Tumekwisha ona faida ya mabishano ya aina hii. Euphrase Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974, mashairi yasiyofuata vina na mizani, wapenzi wa ushairi wa kimapokeo walimkataa kabisa. Waliona kwamba anaubomoa msingi ambao Kaluta Amri Abedi aliueleza katika Sheria za Kutunga Mashairi mwaka 1954. Upande wa pili nao ukajibu kwa maneno makali. Lakini kila upande ulilazimika kueleza ushairi ni nini, na leo mwanafunzi wa Kiswahili hujifunza aina zote mbili. Linganisha na jambo lililompata Kezilahabi huyo huyo kwa ajili ya Rosa Mistika, riwaya yake ya mwaka 1971, iliyozuiwa isitumiwe shuleni. Zuio lile halikumfundisha mtu lolote juu ya kitabu wala juu ya malezi ya wasichana, jambo ambalo ndilo hasa kitabu kilitaka kulizungumza. Baadaye kikaruhusiwa, kikasomwa, na mazungumzo yaliyocheleweshwa yakaanza.

Twalisema hili kwa sababu madhara yake hayako kwa wazee wabishanao barazani tu. Yako darasani. Kijana wa sekondari hupewa kitabu cha lazima, na pamoja nacho, mara nyingi, hununua mwongozo umwelezao tayari kwamba mwandishi amefaulu katika hili na lile. Kijana huyo aweza kuwa amechoshwa na kitabu kuanzia ukurasa wa pili. Lakini katika mtihani ataandika kwamba mwandishi ametumia lugha ya kuvutia na wahusika wenye uhai, kwa kuwa ajua hayo ndiyo yenye alama. Siku hiyo hatumfundishi fasihi. Twamfundisha kusema asiloliamini mbele ya mwenye mamlaka. Ni somo baya, na litamfuata katika maisha yake yote: kazini, mkutanoni, na kila mahali ambapo ukweli wake ungehitajika.

Kwa hiyo twawaomba walimu wetu jambo moja dogo. Mwanafunzi akisema, "Mwalimu, kitabu hiki sikukipenda," asikemewe. Aambiwe, "Vema, tuonyeshe mahali." Atakapofungua kitabu kutafuta ukurasa na sentensi ya kutegemeza neno lake, atakuwa amesoma kwa makini kuliko wenzake 40 waliokariri mwongozo. Pengine atagundua kwamba hakuwa amesoma vizuri, abadili mawazo. Pengine atagundua kosa ambalo mwalimu hakuliona. Katika hali zote mbili darasa limepata faida.

Na asiyependa naye twamwomba mambo manne. Asome kitabu chote kabla ya kunena. Aseme kitabu kina nini, asiseme msomaji ana nini. Achunguze kama amchukiaye ni mwandishi au ni makofi anayopigiwa. Na akiisha kusema, akubali kujibiwa, tena asitake kitabu kiondolewe mikononi mwa wakipendao.

Waandishi wetu wanahitaji wasomaji wa namna hiyo, hasa waandishi vijana, ambao mara nyingi hupata moja ya mawili: sifa za marafiki au kimya cha wageni. Sifa zisizo na mizani ni sawa na kimya. Zote haziwaambii walipofika. Mwandishi apendwaye na wengi haondolewi kitu na mmoja asiyempenda. Wale wengi tumekwisha wapa haki yao. Huyu mmoja naye apewe kiti na muda, aeleze.